Tone la maji halidanganyi

Wadau, bila shaka mmeshaziona zile picha: tone la maji limening'inia kwenye jani, na ndani yake mna ua zima, dogo kuliko punje ya mtama. Kila zikizunguka kwenye mtandao, mabishano hayakosi. Huyu anasema maajabu, yule anasema hamna kitu, kompyuta hiyo!

Jamani, jambo lenyewe ni la kweli. Tone ni lenzi. Mwanga unaotoka kwenye ua lililo nyuma yake hupinda ukipita majini, ndiyo maana ua la ndani huonekana kichwa chini. Tumezoea kusema tone limeakisi kama kioo, kumbe mwanga haukugonga ukarudi, umepenya. Mpiga picha anahitaji lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, stendi na subira.

Ila nyingi ya picha hizo hupangwa. Tone huwekwa kwa bomba la sindano, wengine huchanganya maji na glisirini ili lisidondoke upesi. Ua husimamishwa nyuma, pengine hugeuzwa makusudi ili ndani ya tone likae sawa. Huo ni uongo? Kwangu mimi hapana, mradi mwenye picha akiulizwa aseme alivyofanya.

Balaa linaanza mtindo huo ukihamia kwenye habari. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada. Mwaka 2015 World Press Photo walimnyang'anya Giovanni Troilo tuzo, baada ya kugundulika kuwa picha moja katika mfululizo wake kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, haikupigwa Charleroi. Hapo kilichopotosha ni maelezo ya picha.

Na leo akili bandia inakutengenezea tone na ua bila kamera wala maji. Kwa hiyo sisi wa magazetini tusiridhike na kuandika "picha na mpiga picha wetu" tukalala. Tuseme imepigwa wapi, lini, na kama kuna kilichopangwa. Ni mstari mmoja tu. Msomaji akishatushika uongo kwenye picha ya ua, ya mafuriko ataiamini vipi?

Au nyie mnaonaje?