Tusome kaye zetu mbele ya kutaja sababu

Wandugu wanamemba wa kooperative za Ngungu,

Rapoti nyingi za kooperative zinasema maneno yale yale: kamati imepata formasiyo, njo maana viazi vimekuwa bora na bei imepanda. Nani amehakikisha ile "njo maana"? Tunaona ni lazima kuhakikisha, na njia tuko nayo: maandishi yetu wenyewe.

Fikra hiyo imetoka mbali. Mwaka 1988 makampuni 14 ya Ulaya yaliunda shirika EFQM. Mfumo wake wa ubora ulitenga pande mbili: uongozi na namna ya kufanya kazi upande huu, matokeo upande ule, na wa kwanza unazaa wa pili. Ni fikra nzuri. Lakini kuchora mshale kati ya vitu viwili hakufanyi kimoja kuwa sababu ya kingine.

Tufanye hivi. Tutwae kaye ya mikutano, kaye ya malalamiko ya wanunuzi na kaye ya mizani. Kila mahali tunapokuta "kuoza", "mvua", "barabara" ao "formasiyo", tuandike tarehe. Kisha tujiulize maswali matatu. Kile tunachoita sababu kilitangulia kweli? Kwa vikundi visivyopata formasiyo, malalamiko yalipungua pia? Kuna jambo lingine linaloweza kueleza? Viazi vilivyovunwa udongo ukiwa majimaji vinaoza upesi, hata prezida akiwa na vyeti kumi.

Wengine watasema sekretere anaandika yale mfadhili anapenda kusikia. Ni kweli, inatokea. Kwa hiyo kaye ya mizani na ya malalamiko tuzipe uzito kuliko rapoti, na kuhesabu maneno kusitutoshe: tuwaulize pia waliovuna na waliobeba.

Faida iko wapi? Franga ni chache. Kama malalamiko yanafuata siku lori zilikwama, formasiyo ingine haitaponya kitu. Afadhali depo kavu, yenye giza na hewa, viazi vingojee humo bila kuoza wala kugeuka kijani. Kama kweli formasiyo ndiyo ilisaidia, tutaiomba tena na ushahidi mkononi.

Tunaomba kila kamati isome kaye zake kwa sauti mbele ya wanamemba, katika mkutano mkuu ujao. Rapoti ya mfadhili ifuate, isitangulie.