Kalibu Haina Hatia

Wapo wanaodai kwamba sanaa ya mikono hufa siku ile kalibu inapoingia karakana. Wakimwona kijana amesubu masikio ya fisi kwa rezini, ili yabandikwe kwenye kofia za waigizaji wa shule, humcheka na kumwambia kuwa hiyo si sanaa bali ni plastiki, tena ya kigeni. Hatuna budi kuipinga hoja hiyo, kwa sababu huwavunja moyo mafundi chipukizi na humlaumu asiye na kosa.

Tuanze na huo ugeni. Sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda, ilichimbwa katika mwambao wetu na kuuzwa ng'ambo katika karne ya 19 ili itengenezewe vanishi. Rezini ya leo hutoka kiwandani, lakini kazi ya kuugeuza utomvu kuwa kitu cha manufaa si ngeni kwetu. Tena mchonga lipiko wa Kimakonde hakuona haya kuongeza nta na nywele za binadamu juu ya mti. Alichotaka ni kinyago chepesi, chenye uhai kichwani mwa mchezaji.

Ama kalibu yenyewe ni mtumishi mwaminifu mno: hurudia kila ilichopewa, uzuri na kosa vilevile. Kwa hiyo anayefinyanga sikio la kwanza kwa udongo sharti amjue mnyama wake. Fisi madoa ana masikio ya mviringo, ilhali ya fisi miraba yamechongoka. Simba ana baka jeusi nyuma ya sikio. Mondo ana masikio marefu, meusi kwa nyuma, yenye alama nyeupe. Asiyeyachunguza hayo atafinyanga sikio la paka wa katuni, na kalibu itamzalia kosa lile lile mara ishirini.

Baada ya hapo huja umaliziaji. Rezini ya sehemu mbili huchanganywa kwa kipimo kilichoelekezwa, humiminwa katika kalibu ya mpira wa silikoni, kisha huganda. Wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kingo zilizozidi hukatwa, vishimo vya mapovu huzibwa, na uso husuguliwa kwa msasa na maji, toka msasa mkali hadi laini. Mafuta yaliyosalia huoshwa kwa sabuni, la sivyo rangi itabanduka. Ndani ya sikio huachwa uwazi, kwani sikio zito huivuta kofia na kumchosha mchezaji shingo. Wala usalama usipuuzwe: rezini imiminwe mahali penye hewa ya kutosha, mikono ikiwa na glavu, na vumbi la msasa mkavu hudhuru mapafu ya asiyefunika pua na mdomo.

Basi adui wa sanaa ni nani? Ni uvivu wa kunakili sikio la mwingine, na uvivu wa kuliacha na kingo zake. Walimu, msimpime kijana kwa malighafi aliyoishika. Mwulizeni mambo mawili tu: je, sikio la kwanza amelifinyanga mwenyewe? Je, la mwisho amelikamilisha? Akiweza kuitikia yote mawili, huyo ni fundi, na hana sababu ya kuionea haya kalibu yake.