Kidirisha Kile Kina Mwenyewe

Leo nina jambo dogo la kompyuta, lakini limenitia aibu kubwa nyumbani kwangu hapa Mawaleh, na naamini linatokea katika nyumba nyingi zetu za Maskati.

Kwa siku kama kumi hivi, kompyuta ya nyumbani ilikuwa ikitoa kidirisha kilekile. Niko nasoma khabari, mara kinaruka: skripti haipatikani, na chini yake njia ndefu yenye neno Temp na jina la faili lisilo na maana. Nabonyeza OK, kinaondoka. Haupiti muda, kimerudi.

Mimi nilijua mkosa ni nani. Mjukuu wangu wa miaka 13, na michezo yake ya kupakua. Nikamfungia kompyuta. Akaniambia, "Babu, wallahi si mimi." Sikumsikiliza.

Nikaichukua kompyuta mpaka duka moja Ruwi. Fundi hakuangalia hata dakika mbili. Akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, riali 15. Humo ndani mna picha za marehemu mama yangu, nilizoziskani moja moja kutoka kwenye albamu, na nakala za hati za nyumba ya urithi. Sikuwa nazo pengine popote. Nikamwambia ahsante, nikarudi nayo nyumbani.

Nikampigia simu binti wa ndugu yangu, anayesomea mambo hayo. Akasema, "Ami, kabla ya lolote, nakili picha zako kwenye diski ya nje. Halafu chukua kalamu, andika saa kila kidirisha kinapotokea."

Nikaandika: saa nne na dakika 17, saa tano na dakika 17, saa sita na dakika 17. Kumbe kinafuata saa! Kidirisha kinachokuja ukiwasha tu kompyuta hutafutwa kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe, ndani ya Task Manager. Kinachokuja kwa saa maalumu, basi kuna mtu amekiwekea miadi.

Akanipakulishia Process Explorer kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Programu hiyo ni ya bure, asili yake ni kazi ya Mark Russinovich na wenzake wa Sysinternals, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Ina alama ya shabaha; unaiburuta juu ya kidirisha, inakwambia kimetolewa na programu gani. Jibu likaja: wscript.exe. Nikataka kuifuta pale pale. "La, Ami! Huyo ni tarishi tu, ni wa Windows yenyewe. Tumtafute aliyemtuma."

Aliyemtuma alikuwa kwenye Task Scheduler, daftari la miadi la kompyuta. Humo tukakuta kazi moja imepangwa kila saa, ikiita skripti iliyomo kwenye folda ya Temp. Folda hiyo ni mahala programu zinapoweka vipande vyao vya muda, na si kosa kuwa na vitu humo. Lakini programu ya heshima haina sababu ya kuweka miadi ya kila saa na faili la Temp. Antivairasi ilikwishaliondoa faili lenyewe, ila miadi ilibaki. Ndiyo maana tarishi anagonga kila saa na hamkuti mtu.

Nikatazama tarehe ya kuundwa kwa kazi ile. Ilikuwa siku niliyopakua mimi, kwa mkono wangu, kitu cha bure cha kugeuza picha za hati kuwa PDF. Nilibonyeza "endelea, endelea" bila ya kusoma. Jina la kazi lilikuwa lilelile.

Tukaizima ile kazi, tukangoja siku nzima, kimya. Ndipo tukaifuta, tukaondoa na programu iliyoileta, tukaiendesha antivairasi kompyuta nzima, na nikabadilisha nywila za benki kwa kutumia simu.

Nimesomesha zaidi ya miaka 30. Nilisoma skuli ya misheni, na walimu wetu walikuwa wakali, lakini hawakumpiga mwanafunzi bakora mpaka wajue nani kavunja kioo. Mimi, mwalimu mstaafu, nimemwadhibu mtoto kwa kosa langu. Nilimwita mbele ya bibi yake na mama yake nikamwomba radhi. Akacheka tu, lakini nilimwona macho yamemlenga.

Nasema haya kwa sababu majumbani mwetu lawama ina njia yake: kompyuta ikiharibika ni mtoto, simu ikileta matangazo ni msichana wa kazi. Mzee haulizwi. Na sisi wazee ndio tunaobonyeza kila kitu, tukaona haya kusema. Haya hiyo ndiyo anayoitegemea mwizi. Oman ina sheria ya makosa ya mtandao tangu mwaka 2011, lakini sheria haiwezi kukusaidia kwa jambo ulilolificha.

Basi kidirisha kikirudi mara ya pili, msikifunge tu. Kipigeni picha, andikeni saa, nakilini picha na hati zenu, kisha mtafute aliyekituma. Na kikikuoneshea namba ya simu ya kupiga, usipige: Microsoft haiweki namba ya simu kwenye maonyo yake. Fundi akitaka kufuta kila kitu, mwulizeni kwanza: umeona nini?

Na mtoto akiapa si yeye, msikilizeni kabla ya kumfungia.