Methali Twazijua, Chombo Hatukijui

Mwamshe mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne usiku wa manane, umtajie nusu ya kwanza ya methali hii, naye ataikamilisha bila kusita: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Atakueleza pia kwamba mtu hata akizurura vipi, mwisho hurudi kwao. Sasa muulize tezi ni nini, omo ni kitu gani, na ngama iko wapi. Kimya kitakachofuata nimekisikia mara nyingi, hata katika kumbi za chuo kikuu. Nami sina budi kukiri kwamba niliifundisha methali hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kuiona ngama kwa macho yangu.

Niliiona nikivuka kutoka kisiwa cha Lamu kwenda Mokowe, upande wa bara. Kisiwa kile hakina daraja. Malori yatokayo Mombasa hukomea Mokowe, na hapo kila gunia hushushwa begani, likapakiwa chomboni, likavushwa, likapakuliwa tena gatini na kumaliza safari yake juu ya mgongo wa punda. Anayeshangaa kwa nini bidhaa za dukani huko zina bei ya juu na ahesabu mikono yote hiyo.

Ilikuwa wakati wa likizo. Mwenye duka mmoja alinikubalia nafasi katika mashua yake iliyokuwa ikienda kuchukua mchele, unga, sukari na saruji. Nahodha aliketi tezini, yaani nyuma, akishika usukani wa injini. Mimi nilikaa omoni, mbele, nikirushiwa maji ya chumvi usoni. Kati yetu alikuwapo mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, ameshika mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo. Tulipokwenda, mashua ikiwa tupu, hakuwa na kazi kubwa. Wakati wa kurudi, mashua ikiwa imelemewa na shehena, nilielewa kwa nini aliletwa. Chombo cha mbao huvuja, na maji yote hukusanyika pale penye kina tumboni mwa chombo. Hapo ndipo ngamani. Kijana alikwenda nyuma kumpa nahodha kamba, akaja mbele kuweka sawa gunia lililotaka kuteleza, na kila mara alirudi pale pale kuteka maji na kuyamwaga. Methali niliyoidhani kuwa ya kurudi nyumbani tu ilinifungukia upya: kumbe ni pia ya kazi isiyoahirishika, ambayo ukiiacha mtazama nyote, nahodha na abiria.

Nilimuuliza nahodha habari za dau la mnyonge lisiloenda joshi. Hakunipa maana ya ndani wala ya nje. Alinyoosha mkono kuelekea upepo unakotoka, akasema kwamba dau dogo lenye tanga bovu haliwezi kupanda upande ule. Sentensi moja tu, na mimi nilikuwa nimetumia ubao mzima.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya ni karatasi aliyokuwa nayo yule mvulana. Ilikuwa orodha ya vitu vya kununua, ameiandika mwenyewe kwa hati safi, na juu kabisa palikuwa na neno mtele. Nikamuuliza kama shuleni pia huandika hivyo.

“La, ami,” akanijibu. “Shuleni ni mchele. Mtele ni makosa.”

Ni makosa kwa kipimo gani? Penye sauti ya ch katika Kiunguja, Kiamu mara nyingi kina t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, chini ni tini, mchele ni mtele. Hiyo ni kanuni, tena ya kawaida kabisa katika taaluma ya lahaja. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka wa 1928, kwa sababu za utawala na elimu ya wakati huo. Hakikuchaguliwa kwa kuwa Kiamu kilikuwa kimekosea. Isitoshe, tunapofika chuo kikuu tunaufundisha Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka wa 1858, na Al-Inkishafi, kwa heshima kubwa, na humo lahaja hizo za kaskazini twaziita lugha ya malenga. Sauti ile ile ikitoka katika daftari la mtoto wa Lamu tunaitia wino mwekundu. Niliwahi kuutia mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu kijana, katika insha ya msichana kutoka visiwani aliyeandika mato. Sikumwandikia hata neno moja la maelezo kando.

Sisemi Kiswahili sanifu kitupwe. Bila hicho, mtahiniwa wa Kakamega na mwenzake wa Kwale wangesahihishwa kwa mizani ipi? Ninachotaka ni kwamba mwalimu amwambie mtoto ukweli: hapa twaandika mchele, nyumbani ni mtele, na yote mawili ni Kiswahili. Hilo halihitaji kitabu kipya wala fedha za wizara, ingawa vyuo vya ualimu vingefanya vyema kuwapa walimu somo la lahaja kabla ya kuwatuma pwani. Wanafunzi wangu wa isimu nimekwisha kuwaagiza kwamba atakayefasiri methali ya bahari sharti kwanza anichoree chombo, na aonyeshe kila neno liko wapi. Michoro ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na tezi mbele na omo nyuma. Ngama, katika mchoro mmoja, ilikuwa juu ya mlingoti.