Si Kila Goti Linalouma Lina Baridi Yabisi

Ni nadra mwanaisimu kujitosa katika masuala ya utabibu, wala sina nia ya kuwapokonya madaktari kazi yao. Hata hivyo, pana jina moja ambalo, kwa maoni yangu, linachangia kuwalemaza watoto wetu wa Kisii na Nyamira: baridi yabisi.

Maneno haya mawili yana asili ya Kiarabu, nayo yanabeba fikra ya matabibu wa kale kwamba mwili hutawaliwa na joto, baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni kikavu. Katika milima yetu ya mvua na ukungu, jina hilo limepata makao. Goti likiuma, lawama huiangukia baridi ya alfajiri, na tiba huwa ni blanketi, mafuta ya kuchua na subira.

Sasa mtazame mtoto ambaye kiungo chake kimeingiliwa na bakteria. Goti ni la moto, limejaa majimaji yanayogeuka usaha; mwenyewe ana homa na hakubali liguswe. Baridi i wapi? Ukavu u wapi?

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alichuliwa siku sita. Zahanati moja ilimpa vidonge vya maumivu tu. Alipofikishwa hospitalini, usaha ulikuwa umekwisha kula gegedu, lile tandiko laini lifunikalo ncha za mifupa, ambalo likiharibika halioti upya kama ngozi. Anatembea, ila goti halikunjiki hadi mwisho.

Tiba ipo. Majimaji huvutwa kwa sindano na kupimwa, ikiwezekana kabla ya dawa, ili bakteria ajulikane. Mara nyingi huwa ni stafilokokasi. Kisha viuavijasumu hupitishwa mshipani, na usaha huondolewa, aghalabu kwa kukifungua na kukiosha kiungo. Vidonge huendelea kwa majuma kadhaa, pamoja na mazoezi ili kiungo kisikakamae. Jamaa husita wasikiapo habari za kisu. Ajabu iliyoje, ilhali ababari wa Abagusii walipasua hata fuvu la kichwa, ustadi uliowavuta madaktari wa kigeni kuja kuutazama!

Jina la baridi yabisi na wabaki nalo wazee ambao viungo vyao vimekakamaa kwa miaka mingi. Kwa huyu mtoto, tuseme kiungo kimetunga usaha, jinsi tusemavyo kuhusu jipu. Hakuna mama asiyejua kwamba jipu halichuliwi.

Nanyi walimu wa zamu, msimwambie mwanafunzi mwenye homa anayechechemea kwamba amecheza mpira kupita kiasi. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Hasa iangalieni nyonga, kwa maana imejificha ndani ya nyama na uvimbe wake hauonekani. Mtoto mdogo hukataa tu kusimama, na pengine huonyesha goti kuwa ndilo linalomuuma.