Kuchemsha maji hakuondoi risasi

Mzazi mwenzangu wa Kibaha na Kisarawe, najua unachemsha maji ya mtoto. Endelea, maana kipindupindu na homa ya matumbo bado vipo. Lakini moto hauondoi madini ya risasi, zebaki wala kadimiamu. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, metali hizo hubaki palepale. Klorini nayo haizigusi.

Tatizo ni kwamba hazionekani. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita ya maji, uzito mdogo kuliko wa punje moja ya chumvi ya mezani. Mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Hujificha kwenye mifupa, na huharibu ubongo unaokua. Tumbo likiuma na damu ikipungua, tunasingizia minyoo. Akichelewa kusoma, tunamwita mzito.

Mkoa wetu wa Pwani unajengwa viwanda kila siku, na mimi nafurahia ajira. Simtuhumu mtu. Ila nakumbuka Owino Uhuru, kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Kilifungwa mwaka 2014. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya iliamriwa na mahakama mwaka 2020, watoto wakiwa wameshaathirika.

Ndiyo maana navutiwa na vitambuzi vinavyong'aa. Ni kemikali iliyotengenezwa ishike metali fulani. Ikiishika, mng'ao wake huwaka, huzimika au hubadilika rangi chini ya taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Vingine hupakwa kwenye karatasi, na majibu hupatikana kwa dakika chache, kisimani penyewe.

Watakuja wataalamu waseme vitambuzi hivi hudanganyika. Ni kweli. Chuma na shaba vinaweza kuvivuruga, na kila kimoja hutambua metali yake tu, hivyo kisipobadilika hujathibitisha kwamba maji ni salama. Mimi siombi vichukue nafasi ya maabara. Naomba vithibitishwe na Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha vipewe jumuiya za watumia maji, tukianza na visima vilivyo jirani na viwanda, gereji na wanaovunja betri. Kisima kikitiliwa shaka, sampuli iende maabara upesi. Leo visima vingi vya watu binafsi huchimbwa na kunywewa bila kupimwa metali hata mara moja.

Kwa sasa, kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, uliza kisima chenu kilipimwa lini, na kama walipima metali au vijidudu tu. Baba anayeshughulika na betri aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Na ukimpeleka mtoto hospitali, mwambie daktari mnachota maji wapi na mnafanya kazi gani nyumbani, hata asipouliza. Risasi hupimwa kwenye damu.