Pat Mills, na swali la nani mwenye mali

Ukimtaja Judge Dredd, yule askari wa baadaye ambaye ni polisi na hakimu kwa wakati mmoja, wengi watakuambia wanamjua. Sinema zake mbili zipo, ya Stallone ya 1995 na ya Karl Urban ya 2012. Sasa mtaje Pat Mills. Kimya! Mimi nasema kimya hicho hakikuja kwa bahati mbaya. Kilitengenezwa.

Haya, Mills ni nani? Ni Mwingereza aliyezaliwa 1949, akaanzia kazi kwenye kampuni ya magazeti ya D.C. Thomson huko Scotland, kisha akawa mwandishi wa kujitegemea pamoja na rafiki yake John Wagner. Mwaka 1975 wakaianzishia kampuni ya IPC jarida la Battle. Mwaka 1976 Mills akaleta Action, katuni za watoto zenye ukali ambao wazazi na magazeti walishindwa kuumeza. Oktoba mwaka huo huo likasimamishwa, na liliporudi lilikuwa limeng'olewa meno.

Hakukata tamaa. Februari 1977 likatoka 2000 AD, jarida la kila wiki la hadithi za kisayansi, yeye akiwa mhariri wa kwanza. Dredd, aliyebuniwa na Wagner na mchoraji Carlos Ezquerra, akaingia toleo la pili. Mills mwenyewe akaja kutunga ABC Warriors, Nemesis the Warlock na Sláine.

Sasa sikilizeni utaratibu wa wakati ule. Unalipwa kwa ukurasa, basi. Mhusika ni mali ya kampuni. Mrabaha hakuna. Michoro halisi hairudi kwa mchoraji. Hata jina lako halikuandikwa, na mchoraji akitia sahihi, inafutwa! Ni 2000 AD iliyoanza kuwataja waandishi na wachoraji wake, kwa juhudi za Kevin O'Neill aliyekuwa ofisi ya sanaa. Jamani, jina tu, lisilogharimu hata senti, nalo lilihitaji kupiganiwa.

Wachapishaji wana hoja yao, tusiwaonee. Wao ndio waliotoa mtaji, na majarida mengi yalikufa na hasara ikabaki kwao. Sawa. Lakini hasara ya jarida la mwaka mmoja haihalalishi kumiliki jasho la mtu milele. Na tabia hii inaharibu kazi yenyewe. Mfano ni Charley's War, iliyoanza 1979 ndani ya Battle, Joe Colquhoun akichora. Ni kisa cha kijana wa miaka 16 aliyedanganya umri akaingia Vita Kuu ya Kwanza, na ni katuni ya vita inayopinga vita. Mills alisoma sana ili kuiandika. Alipotaka alipwe kwa utafiti, akanyimwa, na mwaka 1985 akaiacha. Mwandishi mwingine akaendeleza, lakini moto wake ulikwisha.

Linganisha na Ufaransa. Huko mwandishi wa katuni anahesabiwa kuwa mwandishi wa kitabu, mwenye haki zake. Mills alikwenda, na kuanzia 2000 akatoa Requiem pamoja na mchoraji Olivier Ledroit. Mtu ni yule yule, kipaji ni kile kile. Kilichobadilika ni mkataba.

Wapo wanaosema Mills ni mlalamishi. Kweli, mwaka 2017 alitoa kitabu kizima kuhusu historia ya 2000 AD, na hakuwapaka mafuta mabosi. Mimi namwona tofauti. Mtu aliyeandika Third World War mwaka 1988, kuhusu makampuni ya chakula yanayokandamiza nchi maskini kwa mtutu wa bunduki, angewezaje kunyamaza kuhusu kampuni iliyomwajiri yeye? Angekuwa mnafiki.

Basi ninyi mnaoandika, mnaochora, mnaotunga: kabla ya kufurahia hundi ya kwanza, soma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Uliza jina litakaa wapi. Uliza kazi ikipendwa miaka thelathini ijayo, nani atakula. Ukiogopa kuuliza leo, mjukuu wako atalipa kiingilio kutazama mali ya babu yake.

Mnasemaje wenzangu? Mwenye mtaji na mwenye wazo, nani mwenye mali?